Mama Kona na Mchezo Usio na Kona

Kama kuna mtu aliyejua kurudi nyuma kwa heshima zake zote, basi ni yule fundi wa nguo aliyeitwa Mama Kona. Mtu mwingine akirudi nyuma, ujue kazidiwa. Yeye akianza kurudi nyuma, wazoefu walikuwa wanaweka soda zao chini na kusogea karibu, maana walijua kuna mtu anakwenda kuumbuka.

Jina hilo hakulipata kwenye cherehani. Alilipata kwenye ukumbi wa michezo wa shemeji yake, mdogo wa mumewe, chumba kirefu chenye paa la bati kilichopakana na duka lake la kushonea. Siku ya kwanza aliingia mle akiwa na mkasi mkononi na hasira usoni. Makelele ya vijana yalikuwa yanatikisa ukuta, ukuta unatikisa meza, meza inatikisa cherehani, na mshono wa kola ya mteja ukawa unakwenda unakotaka wenyewe. Shemeji, ambaye watu wote walimwita Refa kwa sababu hakuna ugomvi uliompita bila yeye kuuamulia, alimtazama yeye, akautazama ule mkasi, akasema, "Shemeji, kabla hujatukata, hebu cheza mara moja tu."

Akacheza. Hakuna aliyekatwa siku ile, ila waliopigwa walikuwa wengi.

Mle ndani mlikuwa na mashine za kupigana, zile kubwa za kusimama kama kabati, juu skrini, chini kijiti cha kuongozea na vitufe vilivyochubuka rangi kwa kubonyezwa. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mchezo ulioitwa Lango la Mabingwa. Kulikuwa na toleo la kwanza, la pili na la tatu, na katika yote mambo yalikuwa yale yale: wapiganaji wawili wametazamana, wewe unawaona kwa ubavu, bapa kama waliochorwa kwenye karatasi. Unasonga mbele, unarudi nyuma, unaruka, unachuchumaa. Basi. Hakuna kwingine pa kwenda. Na kila mwisho wa skrini, kushoto na kulia, kuna kona.

Watu waliiogopa kona kama ugonjwa. Ukibanwa pale huna pa kukimbilia, ni kupigwa mpaka upewe pole. Mama Kona alikuwa anakwenda mwenyewe. Alikuwa na mpiganaji wake wa siku zote, mwanamke mnene mwenye gauni la bluu na kilemba chekundu, ambaye mashine ilimwita kwa jina gumu la kigeni na ukumbi mzima ulimwita Shangazi. Shangazi alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa ukuta, akachuchumaa, akakinga. Mwenzake anapiga weee, anapiga, ukuta haubomoki. Akija kuchoka kidogo tu, au akiruka kwa tamaa ya kumaliza, Shangazi anainuka na kiwiko kimoja cha kidevu, na habari imekwisha. Hapo Mama Kona anaachia kijiti, anamgeukia mshindwa na kumwambia kwa upole wa muuguzi, "Kanywe maji."

Hayo maneno mawili yaliogopwa kuliko kiwiko. Hakumwambia kila mtu. Alimwambia yule tu aliyepigana kiume, au kike, kwa nguvu zake zote, na bado akapigwa. Kuna vijana waliokuja kutoka mitaa ya mbali wakapigwa na wasiambiwe lolote, na wakaondoka wanyonge zaidi kuliko walioambiwa.

Mumewe, dereva wa gari la mikate, hakuwahi kuuelewa mchezo huo. Alikuwa akipita jioni kumchukua, anasimama mlangoni na unga kwenye nyusi.

"Hawa wanagombania nini?" aliuliza mara nyingi.

"Hakuna anayejua," mkewe alimjibu bila kugeuka.

"Basi si waachanishwe."

Lakini siku ya Jumamosi hakuuliza. Jumamosi alasiri ilikuwa ya mama na binti.

Binti huyo ni mtoto wao wa pekee. Alianza kucheza akiwa mdogo wa kusimama juu ya kreti la soda ndipo afikie kijiti. Wakati huo mama yake alikuwa anamwachia ashinde, kama wafanyavyo wazazi wote wenye mapenzi na wasiotaka kelele. Mpaka siku moja mtoto akaangalia kwenye kioo cha skrini, pale kinapokuwa cheusi kidogo kati ya raundi na raundi, akaiona sura ya mama yake, na chini yake mikono ya mama yake imekaa tu, mbali na vitufe. Mtoto alilia kilio cha mtu aliyeibiwa. Hakulia kwa kushindwa, maana alikuwa ameshinda. Alilia kwa sababu kumbe hajawahi kushinda.

Siku ile ile wakawekeana sheria: hakuna kuachiana. Mama alimpiga binti yake kila Jumamosi tangu hapo, bila huruma, na binti akakua, akanyooka, akaacha kreti, akaanza kupata ushindi wake mmoja mmoja wa halali. Na katika kupigana huko ndipo walipozungumza. Binti alikuwa si mtu wa maneno. Nyumbani ukimuuliza habari za leo, ni nzuri. Habari za shule, nzuri. Habari za yule rafiki yako mliyekuwa mmenuniana, nzuri. Lakini akishika kijiti, macho yakiwa kwenye skrini na si kwa mtu, mdomo ulifunguka wenyewe. Kila kitu ambacho Mama Kona alikijua kuhusu mwanawe, alikipata akiwa amechuchumaa konani.

Sasa binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, mji wa mbali, na siku za kuondoka zilikuwa zinakaribia. Mama alimshonea mashati, akamshonea sketi za sare, akafanya vicheko vingi na wateja. Moyoni alikuwa anazihesabu Jumamosi kama mtu anayekula pipi ya mwisho kwa kulamba.

Ndipo Refa alipoleta Lango la Mabingwa la nne.

Mashine iliwekwa katikati ya ukumbi, watu wakaizunguka. Refa akaiwasha mwenyewe kwa mbwembwe. Na kweli, kilichotokea hakikuwahi kuonekana mle ndani. Wapiganaji hawakuwa tena wa karatasi. Walikuwa na mbele, na nyuma, na ubavu. Picha ilijizungusha yenyewe kama mtu anayekagua gari kabla ya kulinunua, na wale jamaa wakaonekana wamejaa, wana unene, ingawa mabega yao yalikuwa ya pembe kama sanduku na vidole vimegandana pamoja. Watu walipiga miluzi.

Mama Kona alimtafuta Shangazi wake. Akampata. Picha ikazunguka, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kujuana, akamwona mgongoni.

"Kumbe gauni linafungwa kwa nyuma!" akapaza sauti. "Vifungo hivi hapa! Miaka yote nilidhani ana zipu ubavu ule wa pili." Akasogeza uso kwenye skrini. "Halafu nani kamshonea huyu? Bega moja limepanda."

Watu wakacheka, naye akacheka, akashika kijiti. Binti akachukua mpiganaji wake, yule kijana mrefu mwembamba wa mateke. Kengele ikalia. Mama Kona akaanza kurudi nyuma kwa heshima zake zote, taratibu, anautafuta ukuta wake.

Akarudi. Akarudi tena. Ukuta hauji.

Hakujua, wala mwingine yeyote hakujua bado, kwamba katika hili la nne hakuna kona. Uwanja ulikuwa jukwaa la duara lililo juu ya mnara, na pembeni mwa jukwaa ni hewa tupu. Shangazi alipiga hatua yake ya mwisho ya kurudi nyuma, akapepesuka, akaporomoka na kilemba chake, kilio chake kikififia mpaka chini. Hakuna aliyemgusa.

Refa alicheka mpaka akajishika kwenye ukuta, ule wa kweli. "Shemeji," alisema akifuta macho, "mbona umejiua?"

Raundi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu alijitahidi, akasimama katikati kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Lakini binti alipomrushia teke la kwanza, mikono yake iliyozoea ikavuta kijiti nyuma, nyuma, na Shangazi huyo chini. Mpaka jioni jina lilikuwa limebadilika. Walimwita Mama Shimo.

Jumamosi ya kwanza alicheka nao. Iliyofuata alicheka kidogo. Kosa lenyewe alilijua, tatizo ni kwamba aliyelijua ni yeye, na mikono haikuambiwa. Kila akitishwa alikimbilia kwenye ukuta usiokuwepo. Na binti? Binti alikuwa ameuelewa mchezo mpya kama aliyezaliwa nao. Kijana wake mrefu alizunguka huku, akazunguka kule, akatokea mgongoni kwa watu. Ukumbini walianza kumwogopa yeye sasa.

Halafu, Jumamosi iliyofuata, Mama Kona akashinda.

Ilitokea tu. Kijana mrefu alisimama pabaya, teke lake likachelewa, Shangazi akamsukuma kwa kiwiko, na kijana akaenda na maji. Watu wakapiga makofi. "Umeanza kuuzoea, Mama," binti akasema, akitabasamu. Skrini ikawa nyeusi kidogo kabla ya raundi nyingine, na katika kioo Mama Kona akaiona sura ya mwanawe, na chini yake mikono ya mwanawe imekaa tu, mbali na vitufe.

Hakumwambia akanywe maji. Angemwambiaje, na hakumpiga mtu? Alicheza mpaka mwisho, akashinda tena, akashukuru. Aliumia vibaya. Kupigwa angekuzoea, na kuchekwa alikwisha kuzoea. Kilichomuuma ni adabu. Wakati wa kurudi nyumbani binti alimbebea mkoba, akamuuliza kama miguu inamsumbua, akamwambia leo joto limepungua. Na siku nzima, akiwa ameshika kijiti, hakuwa amesema neno hata moja la maana, kwa sababu kumwachia mtu ashinde bila yeye kujua ni kazi, inataka akili yote. Mama Kona aliona kitakachotokea. Mtoto ataondoka, atapiga simu, habari zitakuwa nzuri, kila kitu kitakuwa kizuri, na yeye atakuwa mama wa kubebewa mkoba.

Wiki hiyo alikuwa na joho la mwimbishaji wa kwaya, baba mmoja mpana, mwenye sauti nzito na heshima nyingi. Heshima hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Alisimama juu ya stuli apimwe pindo, Mama Kona akapiga magoti na pini mdomoni, akapinda mbele vizuri. Akasogea pembeni ili apate nyuma. Mwimbishaji akageuka naye. Akazunguka zaidi. Mwimbishaji naye akazunguka, uso kwa uso.

"Baba, simama hivyo hivyo," akasema kati ya pini.

"Samahani, fundi. Mimi nimelelewa kwamba mtu humpi mgongo."

"Mimi sitaki uso wako, nataka pindo lako la nyuma."

Wakazunguka hivyo mpaka stuli ikaanza kulia. Mwishowe mwimbishaji, kwa kujiliwaza, akaanza kuguna wimbo waliokuwa wanaufanyia mazoezi, na ulipofika mahali fulani pa kishindo akauinua mkono wa kulia juu kabisa na kuushusha kwa nguvu, kama anaikata kwaya nzima. Mkono ukiwa njiani hakuweza kugeuka. Mwili wote ulikuwa umeufuata ule mkono. Mama Kona akapita ubavuni kwake, hatua moja, akachoma pini mbili mgongoni kabla mtu hajajua.

Akabaki amepiga magoti palepale, mdomo wazi, pini zimedondoka.

"Kuna nini?" mwimbishaji akauliza.

"Hebu upige tena ule mkono."

Mwimbishaji akaupiga, kwa furaha, maana nyumbani kwake hakuna aliyemwomba. Fundi akapita ubavuni. "Tena." Akapita upande wa pili. Joho likapata pindo la kunyooka kuliko majoho yote ya kwaya ile, na mwimbishaji akaondoka akiamini amepata mpenzi wa muziki.

Mama Kona hata duka hakulifunga vizuri. Alikwenda moja kwa moja ukumbini, mchana, watu hawapo, Refa anasinzia kwenye kiti. Akamwamsha. "Kamata yule mrefu," akamwambia. "Nipige."

Maisha yake yote ya kazi alikuwa anachukua kitambaa bapa na kukizungusha kwenye mwili wa mtu. Alijua kwamba mtu ana mgongo. Alijua kwamba huwezi kumfikia mgongoni akikutazama. Unasubiri ashughulike na jambo lake. Kwa nini basi alipoingia hapa alikuwa anarudi nyuma kama mjinga? Akajifunza kutorudi. Teke likija, hatua ya pembeni. Lisipokuja, tulia. Refa alimpiga sana siku ya kwanza. Siku zilizofuata alimpiga kidogo. Kisha akaanza kulalamika.

"Shemeji, hii ni ngumi au dansi?"

"Kanywe maji," akaambiwa.

Nyumbani nako alionekana akiizunguka meza ya chakula kiubavu ubavu, sahani mkononi. Mumewe aliacha kutafuna.

"Na hii ni nini tena?"

"Nazunguka."

"Hilo naliona," mumewe akasema, akaendelea na mkate wake.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Sanduku la binti lilikuwa limekwisha kufungwa, liko sebuleni, kila mtu analikwepa. Ukumbini palijaa, maana Refa hana siri. Binti alipoingia alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya zamani pembeni, akapigapiga ubao wake.

"Mama, leo tucheze la tatu. Hili ndilo letu."

Alisema kwa upendo, na mama yake aliusikia ule upendo, na akaukataa.

"Leo ni la nne," akasema.

Kengele ikalia. Shangazi akasimama katikati ya jukwaa, hakurudi. Kijana mrefu akaja kivivu, akatupa teke la juu, lile la kuachia. Shangazi akapiga hatua moja ya pembeni. Teke likapita hewani. Shangazi alikuwa mgongoni kwake, na kiwiko kikafuata. Kijana akaporomoka kutoka mnarani kabla watu hawajapumua.

Ukumbi ukalipuka. Binti akageuza shingo kumtazama mama yake.

"Tazama mbele," mama akamwambia, macho kwenye skrini. "Na hiyo mikono irudishe kwenye vitufe. Nilikuona siku ile."

"Uliniona wapi?"

"Kwenye kioo. Ulikoniona wewe."

"Nilikuonea huruma, Mama."

"Huruma wapelekee wagonjwa huko chuoni. Mimi nipe teke."

Raundi ya pili binti alimpa. Alimpa la juu, la chini, na la kuzunguka, akamtupa nje ya jukwaa kama anamwaga maji ya kufulia. Mama Kona alihisi moyo unamwenda mbio kwa furaha. Ya tatu ikaanza, na hakuna aliyejua itakwendaje. Walizungukana. Mama alipiga, akakosa, akapigwa, akakinga. Na katikati ya kuzungukana, macho kwenye skrini, mdomo wa binti ukafunguka.

"Mama, mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Kinga chini."

"Nimekinga. Naogopa damu."

"Muuguzi anayeogopa damu?"

"Sijamwambia mtu. Na kulala chumba kimoja na watu nisiowajua. Na nikishindwa je, nirudi hapa kila mtu ananitazama?"

"Ukishindwa utarudi nikupige kila Jumamosi." Shangazi akakwepa ngumi. "Mimi niliingia humu na mkasi, sijui hata kijiti ni nini. Mwezi uliopita nilikuwa nadondoka mwenyewe, na watu wanatazama. Damu utaizoea. Mikono inachelewa kuelewa, lakini inaelewa."

Binti alivuta pumzi puani, kama anayezuia kitu. Kijana mrefu akakunja mguu, ule mguu wenyewe, teke kubwa la kumalizia. Mama Kona akaliona. Alilisubiri, likawa linakuja, na akapiga hatua yake safi ya pembeni.

Ila teke halikuja. Binti alilikatiza njiani. Ilikuwa danganya toto. Alijua mama yake ataliona, alijua ataenda upande gani, na upande ule jukwaa lilikuwa limekwisha. Shangazi alikanyaga hewa, akapepesuka, na kijana mrefu akamsindikiza kwa ncha ya kidole cha mguu. Kilemba chekundu kilishuka kikizunguka mpaka kikapotea.

Binti aliruka juu. Alipiga kelele, akampiga baba yake mdogo kibao cha bega, akacheza mduara mmoja mzima mbele ya watu wote, yule mtoto asiyekuwa na maneno. Hakusema pole. Hakumuuliza mtu kama miguu inamsumbua. Alirudi mbele ya mama yake anahema, macho yamelowa, meno yote nje, akamnyooshea kidole mlangoni kulipokuwa na mtungi.

"Kanywe maji," akasema.

Mama Kona akaenda, akanywa kikombe kizima.